Ofala ya Onitsha na kiti kilicho wazi tangu 1886

Kila ifikapo Oktoba, mji wa Onitsha, ulioko ukingo wa mashariki wa Mto Niger katika jimbo la Anambra nchini Nigeria, huadhimisha sherehe ya kifalme iitwayo Ofala kwa siku mbili. Mfalme wa mji, anayeitwa Obi, hutoka kasrini baada ya siku kadhaa za kujitenga na kuwaombea watu wake, siku ambazo ngoma ya kifalme ya ufie husikika kutoka ndani ya kuta. Mizinga 21 hupigwa. Kisha yeye mwenyewe hujitokeza, taji kubwa la manyoya kichwani na upanga wa shaba mkono wa kulia, na uwanja mzima humlaki kwa kelele za "Igwe!", jina la heshima la mfalme. Wazee wa baraza lake, Ndichie, waliovaa kofia nyekundu, humwendea mmoja mmoja kutoa heshima. Siku ya pili, Azu Ofala, huwa nyepesi zaidi: ngoma, marika, burudani.

Mabishano huanza pale mtu anapouliza mfalme huyu ana kazi gani katika nchi yenye gavana, bunge na mahakama, tena miongoni mwa watu wenye msemo maarufu "Igbo enwe eze", yaani Waigbo hawana mfalme. Wanaoutetea ufalme husema Onitsha ni mfano wa utawala wa jadi wenye mizizi, na kwamba bila Obi na Ofala mji ungebaki soko tupu. Wanaoupinga husema enzi hizi zimekuwa mali ya serikali na matajiri, na kwamba sherehe imekuwa jukwaa la matangazo ya biashara. Hoja za pande zote mbili zina uzito. Lakini zote zinaruka jambo ambalo kwangu ndilo kubwa kuliko yote: Onitsha ya kale haikuwa na kiti kimoja cha enzi. Ilikuwa na viwili, cha pili ni cha mwanamke, na kiko wazi tangu 1886.

Nianze na asili ya mji, maana ndiyo inayobeba hoja za wengi. Masimulizi yanayokubalika na wenyeji wengi yanasema kiongozi aitwaye Chima aliondoka na watu wake Benin (ufalme wa kale ulioko Nigeria ya leo, si nchi ya Benin), au maeneo ya jirani yake, karne ya 16, baada ya ugomvi na utawala wa Oba, yaani mfalme, Esigie. Njiani, magharibi ya Mto Niger, makundi yalibaki nyuma na kuanzisha miji ambayo ipo hadi leo: Issele-Uku, Onicha-Ugbo, Onicha-Olona, Obior na mingine. Wote hujiita Umu Eze Chima, watoto wa mfalme Chima. Waliovuka mto wakaongozwa na Oreze, wakawaondoa Waoze waliokuwa wakikaa pale, na ufalme wa Onitsha ukaanzia hapo.

Kuna wanaolikataa simulizi hili, na hawakosi hoja. Lugha ya Onitsha ni Kiigbo, na jina Chima lenyewe ni la Kiigbo. Iweje watu watoke Benin wasibaki na lugha ya huko? Isitoshe, baadhi ya koo za mji hujieleza kuwa za asili ya Igala, upande wa kaskazini, na nyingine zimetoka kwa Waigbo majirani. Kwa upande mwingine, ukitazama vyeo huwezi kuipuuza Benin. Waziri mkuu wa jadi wa Onitsha ni Onowu, mwenye cheo cha Iyasele, na Benin kuna Iyase aliyekuwa kiongozi wa machifu wa mjini. Mfano mmoja kama huo haumalizi ubishi, ila ukiunganisha na mpangilio mzima wa kasri na baraza, mimi nauona muundo wa utawala uliotoka magharibi ya mto ukasimikwa juu ya watu waliochanganyika, ambao lugha yao ilikuwa Kiigbo au iligeuka kuwa Kiigbo.

Kwa nini watu wabishanie jambo la miaka 500 iliyopita? Kwa sababu kiti cha Obi ni cha uzao wa Chima peke yake, na koo nyingine zina vyeo lakini hazina haki ya kiti. Na kwa sababu Onitsha ilijitenga kifikra kwa muda mrefu. Hata karne ya 20 ilipoingia, wenyeji wake bado walilitumia jina Igbo kwa watu wa bara, mashariki ya mji, kana kwamba wao wenyewe hawamo. Ndiyo maana Mwigbo wa Nnewi au wa Owerri akiambiwa kwamba Ofala ni fahari ya Waigbo wote, anaweza kukubali kwa shingo upande.

Msemo wa kwamba Waigbo hawana mfalme nao una mipaka yake. Nri, si mbali na Onitsha, ilikuwa na Eze Nri, mfalme wa kidini ambaye ushawishi wake ulifika mbali bila jeshi. Pale jirani, Igbo-Ukwu, vyombo vya shaba vilivyofukuliwa vimekadiriwa kuwa vya karne ya 9, na vinaonyesha kuwa kulikuwa na mtu mwenye hadhi kubwa sana aliyezikwa kwa heshima kubwa. Kwa hiyo wafalme walikuwepo. Ambacho hakikuwepo, au kilikuwa adimu, ni mfalme anayeamuru peke yake akatiiwa.

Na hapo Onitsha inafundisha kuliko inavyosifiwa. Obi alifungwa na taratibu nyingi. Ndichie wamegawanyika madaraja matatu: Ndichie Ume, Okwa na Okwareze. Daraja la juu lina watu sita: Onowu, Ajie, Odu, Onya, Ogene na Owelle. Kila mmoja ana hadhi yake na watu wake nyuma yake. (Nnamdi Azikiwe, Rais wa kwanza wa Nigeria, alikuwa mtu wa Onitsha na alishika cheo cha Owelle.) Nje ya Ndichie kuna Agbalanze, chama cha waliotwaa cheo cha heshima cha ozo, na kuna marika, ambayo kazi zake ni za mikono na ulinzi wa mji. Obi asingeweza kulivuka hata moja katika hayo bila kulipa gharama.

Tena hakuzurura. Wageni wa karne ya 19 waliandika kwamba Obi wa Onitsha hakutoka nje ya kasri lake ila kwa Ofala. Hebu lifikirie hilo. Mtu anayekutawala humwoni mwaka mzima. Anakuja siku moja, anasimama mbele ya mji, anacheza, anatembea, anaonekana. Mimi nasoma Ofala ya wakati ule kama siku ya mji kumkagua mfalme wake: bado ana nguvu? bado ana akili timamu? wazee wangali wanampigia magoti? Obi wa leo, Nnaemeka Alfred Achebe, aliyeshika kiti 2002, alisoma kemia Stanford na biashara Columbia, akafanya kazi Shell kwa miaka mingi, na ni mkuu wa Chuo Kikuu cha Ahmadu Bello kule Zaria. Anasafiri, anahutubia, picha zake zipo kila siku. Ni jambo jema kwa mji kuwa na kiongozi wa aina hiyo. Lakini ukaguzi ule wa mara moja kwa mwaka umepoteza sababu yake, na nafasi yake imechukuliwa na shamrashamra.

Sasa niingie kwenye kiti cha pili. Omu alikuwa malkia wa wanawake wa Onitsha. Hakuwa mke wa Obi, na hilo lisisitizwe, maana wengi wakisikia malkia hufikiri mke wa mfalme. Alikuwa na makazi yake, vazi lake la kifalme na baraza lake la wanawake wenye vyeo vilivyolingana na vya wanaume wa kasrini. Eneo lake la kwanza la mamlaka lilikuwa soko: bei, nidhamu, ugomvi wa wauzaji, na ibada za kuliombea soko liwe salama. Kwa mji uliokaa kwenye njia ya maji ambako pamba, chumvi, mafuta ya mawese na watumwa vilipitia, kushika soko kulikuwa kushika nusu ya utawala.

Omu wa mwisho aliitwa Nwagboka. Aliishi katika enzi ya Obi Anazonwu, kipindi ambacho dunia ya Onitsha ilikuwa ikipinduka. Wamisionari wa Kianglikana, Samuel Ajayi Crowther na John Christopher Taylor, walikuwa wamefika 1857. Mwaka 1879 meli ya kivita ya Uingereza, HMS Pioneer, iliupiga mji mizinga baada ya migogoro na wafanyabiashara wa Kizungu. Mwaka 1884 ukaja mkataba na Waingereza. Mwaka 1885 Padri Joseph Lutz na wenzake wakaanzisha misheni ya Kikatoliki. Mwaka 1886 Nwagboka akafariki, na mwaka huohuo kampuni iliyokuja kuitwa Royal Niger Company ikapewa hati na serikali ya Uingereza ya kutawala na kufanya biashara kwenye mto. Hakuwekwa Omu mwingine.

Sidai kwamba kifo cha mtu mmoja na hati ya kampuni ni chanzo na matokeo. Ila mazingira yanaeleweka. Kampuni ilitaka kuzungumza na wanaume, na serikali ya kikoloni iliyokuja baada yake ilikuwa hivyohivyo. Misheni nazo hazikupenda ibada zilizoambatana na kiti cha Omu. Na wanaume wa Onitsha wenyewe hawakulazimishwa na mtu kuliacha jambo lile lipite, waliliacha. Obi alipofariki alitafutiwa mrithi, hata kwa magomvi. Omu alipofariki, kimya.

Upande wa Obi, mkoloni hakukiua kiti bali alikigeuza. Samuel Okosi, aliyebatizwa Mkatoliki, alitawala hadi 1931 akiwa na heshima ya jadi na pia kazi za serikali ya kigeni. Kwingineko kwenye ardhi ya Waigbo, ambako hakukuwa na wafalme, Waingereza waliwaokota watu na kuwapa hati za uchifu. Matokeo yake yalionekana 1929, wanawake walipoinuka kuanzia eneo la Aba, wakawazingira machifu hao na kuvamia mahakama zao, na zaidi ya wanawake 50 wakauawa kwa risasi. Onitsha haikuwa kitovu cha vita ile. Lakini anayetaka kujua kwa nini wanawake wa Kiigbo waliukataa utawala usiowauliza, atazame pia kile kilichokuwa kimeachwa kife miongo minne kabla katika mji ulio mtoni.

Wapinzani wa ufalme wana silaha nzuri katika urithi wa kiti. Baada ya Okosi wa kwanza kufariki 1931, mwanawe James hakukalia kiti hadi 1935. Alipofariki naye 1961, mvutano wa wagombea na matawi ya uzao wa Chima ulikuwa mkali hadi serikali ya Kanda ya Mashariki ikaunda tume ya uchunguzi. Obi Okagbue, aliyeongoza tangu 1970, alifariki 1998, na Achebe akapatikana 2002. Mara tatu mji umekaa miaka kadhaa bila mfalme au na mfalme anayebishaniwa. Mtetezi wa ufalme atajibu kwamba uchelewaji huo ni uthibitisho wa mashauriano, kwamba kiti hakichukuliwi kwa pupa. Jibu hilo lina ukweli kiasi. Lakini pale ambapo uamuzi wa mwisho unahitaji muhuri wa serikali, mashauriano hugeuka kuwa mbio za kwenda kwa gavana.

Na muhuri huo ndio udhaifu mkubwa wa enzi zote za Waigbo leo. Tangu mageuzi ya serikali za mitaa ya 1976, majimbo ya mashariki yaliweka sheria zinazomtaka kila mtawala wa jadi apate cheti cha kutambuliwa na fimbo ya ofisi kutoka serikalini. Miji ambayo haikuwahi kuwa na mfalme ikapata Igwe au Eze wake, mamia kwa mamia. Agosti 2020 gavana wa Anambra aliwasimamisha watawala 12 kwa mpigo kwa sababu walisafiri kwenda Abuja bila ruhusa. Mwanzoni mwa 2024 gavana aliyefuata akamsimamisha mtawala wa Neni kwa kumpa mwanasiasa cheo bila idhini. Mtu anayeweza kusimamishwa kwa barua moja atawezaje kumkosoa aliyeiandika? Onitsha, kwa uzito wa historia yake, imejikinga kuliko miji mingine, na Obi ana sauti kubwa miongoni mwa watawala wenzake wa jimbo. Lakini sheria inayomgusa ni ileile.

Wasomaji wa Tanzania wana sababu ya kuukumbuka mji huu. Oktoba 1967 wapiganaji wa Biafra, eneo la mashariki lililokuwa limejitenga na Nigeria, walilipua sehemu ya daraja la Niger ili kuwazuia wanajeshi wa serikali kuu. Mapigano yalisambaratisha mji na lile soko kubwa, na Machi 1968 Onitsha ikaangukia mikononi mwa jeshi la Nigeria. Wiki chache baadaye, tarehe 13 Aprili 1968, Tanzania chini ya Mwalimu Nyerere ikawa nchi ya kwanza kuitambua Biafra. Vita ilipokwisha Januari 1970, watu walirudi kwenye magofu. Naamini hapa watetezi wa ufalme wana hoja yao yenye nguvu kuliko zote. Mji uliopoteza nyumba, soko na watu ulihitaji kitu cha kuukusanya, na kusimikwa kwa Obi mpya na kurudi kwa Ofala kulifanya kazi ambayo ofisi ya serikali isingeweza. Mtu anayesema Ofala ni maonyesho tu hajazingatia wakati ule.

Tuje kwenye fedha. Kwa miaka mingi kampuni ya simu ya Globacom imekuwa mdhamini mkuu wa Ofala. Mabango yake huzunguka uwanja, bahati nasibu na zawadi huchezeshwa, wasanii hualikwa. Wanaokereka husema kitu kitakatifu kimeuzwa. Mimi sioni ubaya wenyewe katika udhamini. Sherehe kubwa ina gharama, na tangu zamani matajiri wa mji waliigharamia, kwani hata cheo cha ozo hakipatikani bila mali. Ninachohofia ni sherehe kuanza kupimwa kwa ukubwa wa jukwaa na wageni wa heshima, huku siku zile za kujitenga na kuomba zikisahaulika kwa kuwa hazina picha.

Kuna pia suala la nani mwenye mji. Onitsha Main Market huhesabiwa miongoni mwa masoko makubwa kabisa ya Afrika Magharibi, na wengi wanaofanya biashara humo si wenyeji. Ni watu wa Nnewi, Oraifite, Obosi, Ogidi na kwingineko, wengi wao wamezaliwa Onitsha na kukulia Onitsha. Kwenye Ofala wao ni watazamaji. Hawana koo kasrini, hawana kofia nyekundu, na Igwe wao yuko kijijini kwao. Mwenyeji atasema ndivyo ilivyo kila mahali kwa Waigbo, kila mtu ana kwao, na hakosei. Hata hivyo mji ambao wakazi wake wengi hawamo katika utawala wake wa jadi unapaswa kuwa mwangalifu unapodai kusema kwa niaba ya wote.

Nimeuweka uzito wa pande zote mbili, na msimamo wangu ni kwamba Onitsha ibaki na Obi na Ofala yake. Lakini anayeutetea ufalme huu kwa jina la jadi lazima aitetee jadi yote. Wanaosema kiti cha Omu kisirudishwe hutoa sababu tatu. Ya kwanza, soko aliloliongoza halipo tena mikononi mwa wanawake wa mji. Lina vyama vyake vya wafanyabiashara na kodi za serikali. Ya pili, ibada zake haziendani na Ukristo wa wengi. Ya tatu, wanawake wana vyombo vyao tayari, kama Otu Odu, wale akina mama waliovaa nyeupe, marijani shingoni na pembe za ndovu mikononi na miguuni, ambao Ofala haipendezi bila wao.

Sababu ya kwanza inamgusa Obi vilevile. Yeye naye hana tena jeshi, mahakama wala forodha ya mto, na hakuna aliyesema kwa hiyo kiti chake kifungwe. Ya pili ilikwisha kujibiwa pale Mkatoliki alipokalia kiti cha Obi na taratibu zikarekebishwa zimfae. Ya tatu ndiyo inayonisumbua, kwa sababu inaonekana nzuri. Otu Odu ni chama cha heshima, na mwanamke huingia kwa mali na hadhi. Kuwa na heshima uwanjani ni kitu kimoja. Kuwa na kiti ambacho Obi analazimika kukisikiliza kabla ya kuamua ni kitu kingine. Mjane anapogombea nyumba ya marehemu mumewe, au binti anapoambiwa hana fungu katika ardhi ya baba yake, anahitaji mwenye kiti. Mahakama ya Juu ya Nigeria iliamua 2014 kwamba mila ya Kiigbo inayomnyima binti urithi inakwenda kinyume na katiba. Kuifikisha hukumu hiyo katika kila ukoo ni kazi ya watu wenye mamlaka ya jadi, na Onitsha hadi sasa wote ni wanaume.

Wala haitakiwi kubuniwa upya kutoka hewani. Ng'ambo ya mto, Asaba na Okpanam zina Omu hadi leo, na taratibu za kumchagua na kumsimika zinajulikana. Mwenye uwezo wa kuanzisha mazungumzo ni Obi pamoja na Ndichie wake, kwa kuwauliza wanawake wa kila ukoo, wa nyumbani na walioolewa nje, ni nani wanayemtaka na kwa masharti gani. Yapo mambo magumu ya kuamua: kama kiti kiwe cha ukoo fulani au kizunguke, kama serikali ya jimbo ihusishwe, na kama wanawake wageni wa sokoni wapewe nafasi katika baraza lake. Hilo la mwisho ndilo ningeanza nalo, kwa kuwa Omu wa zamani alisimamia soko lote, mwenyeji na mpita njia, na mlango wa kuwaingiza wakazi wengi wa Onitsha katika utawala wa jadi wa mji wanaoishi unaweza kufunguka upande huo kabla ya upande wa kasri.